Mpiga Hachagui Mshale Wake

Niliikata mishale ya baba mkwe Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yetu mjini Mbinga, na niliikata kwa nia njema. Naanza na hilo kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nalo.

Ilikuwa mishale sita. Ilikaa kwenye podo la ngozi lililoning'inizwa nyuma ya mlango wa chumba cha wageni, alimolala baba mkwe tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alikuwa amekuja kwetu kutoka Mkumbi na begi moja la nguo, redio, na upinde. Mke wangu alimuuliza mgonjwa anataka upinde wa nini. Akajibu kwamba nyumba isiyo na mtu haiachiwi upinde, akautundika mwenyewe kwa kupapasa msumari ulipo.

Alikaa nasi wiki sita. Mama mkwe alifariki zamani kidogo, na kule Mkumbi mzee aliishi peke yake na kahawa yake, migomba yake, na shamba la ngoro, lile la mashimo mashimo mteremkoni, lenye mahindi na maharage. Kabla ya upasuaji alikuwa haoni vizuri na hakutuambia. Tuligundua siku alipodumbukia kwenye shimo la ngoro na kuteguka bega. Ndipo mke wangu na kaka yake mkubwa, anayefanya kazi Dodoma, walipoamua kwamba baba hatarudi kuishi kule peke yake. Yeye aliamua vinginevyo. Daktari alipomruhusu kuendelea na kazi zake, ubishi ukahamia mezani kwetu, na simu ya kaka ikawekwa sauti kubwa kando ya bakuli la mboga.

"Baba, ulidumbukia shimoni saa tatu asubuhi, jua linawaka," mke wangu alisema.

"Nilidumbukia kwa sababu sikuona. Sasa naona."

"Unaona nini?"

"Naona umejipakulia paja, mimi umenipa shingo."

Kaka alicheka kule Dodoma, kisha akasema kwa sauti ya mtu mkubwa, "Hospitali wamesema anaona, lakini shambani je?"

"Hospitali walinionyesha herufi," baba mkwe alisema. "Mimi siendi shambani kusoma herufi. Mnataka kunipima, nipimeni kwa upinde."

Ndivyo mkataba ulivyofungwa. Jumapili ya wiki ya pili, baada ya misa, tungekwenda wote Mkumbi. Ungechaguliwa mgomba mmoja, hatua thelathini. Mishale sita. Minne ikiingia, mzee anabaki nyumbani kwake na hakuna atakayelizungumza tena. Isipofika minne, anarudi nasi Mbinga moja kwa moja, na shamba anapewa mtu mwingine alilime. Mke wangu alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Baadaye aliniambia jikoni kwamba tangu baba aanguke hajalala usiku mmoja bila kuamka kusikiliza simu.

Mimi ni mtu wa masjala. Nimetoka Tabora, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhakikisha kwamba jalada linakaa mahali pake na kingo za karatasi zimelingana. Jumamosi ile nilishusha podo nikitaka kuwa na msaada. Niliitoa mishale nikaipanga kwenye mkeka. Mwili wa kila mshale ulikuwa tete kavu, kichwani kigumba cha chuma kilichochomekwa na kufungwa kwa uzi, mkiani manyoya ya kanga. Ilinuka usipa, wale dagaa wa ziwani. Harufu hiyo niliijua: mishale hii ilitengenezwa na dada wa mzee, shangazi yake mke wangu, aliyeolewa Kihagara ziwani, naye aliituma kwa basi ndani ya mfuko mmoja na samaki.

Kilichonikera ni urefu. Miwili ilikuwa karibu sawa, mifupi. Minne iliyobaki iliizidi ile: mmoja kwa kidole kimoja, miwili kwa viwili, mwingine kwa karibu vitatu. Nilifikiri ni uzembe wa njiani, au macho ya uzee ya shangazi. Nikafikiri pia kwamba mtu anayepimwa anastahili vifaa vilivyo sawa. Nilifungua nyuzi, nikatoa vigumba, nikakata kila tete kwa msumeno wa chuma hadi lilingane na fupi kuliko yote, nikarudisha vigumba kwa gundi na uzi mpya. Kwa penseli niliandika namba chini ya manyoya, moja hadi sita. Vipande nilivyokata nikaviandika namba zake, nikavitia kwenye bahasha. Nilipomaliza, mishale sita ilisimama ukutani kama watoto wa sare moja, na niliridhika kweli.

Kesho yake mchana mzee alisema anataka kujikumbusha. Nyuma ya nyumba kuna migomba michache. Nilihesabu hatua thelathini, yeye akasimama na sweta lake na miwani myeusi, akaivua miwani, akaitia mfukoni. Hakuitazama mishale. Alinyoosha mkono nyuma, nikawa nampa mmoja mmoja.

Wa kwanza ulipita kushoto kwa mgomba ukaingia kwenye ua wa jirani. Wa pili ukapita kushoto. Wa tatu ulizama katikati ya mgomba. Wa nne kushoto. Wa tano ulizama. Wa sita kushoto kabisa, ukagonga bati la choo, na jirani akauliza kwa sauti kama tumeanza vita.

Mzee aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, upinde magotini, akafumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili. Mke wangu alikuwa dirishani. Sikumtazama, lakini nilijua yuko kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure.

"Basi," mzee alisema. "Limenidanganya hili jicho. Vitu vya karibu linaniambia ukweli, vya mbali linaniongopea."

"Miwili imeingia, baba."

"Miwili hata mlevi anaipata."

Jioni ile alimuuliza binti yake kama kabati lake la Mkumbi litapita kwenye mlango wa chumba cha wageni. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho ameshaamua kukinunua. Mke wangu alisema litapita, tutalilaza ubavu. Kisha akainuka kwenda jikoni ingawa hakukuwa na kitu jikoni. Alikuwa ameshinda kabla hata ya Jumapili yenyewe ya kipimo, na sijawahi kumwona mtu aliyeshinda akiwa na uso kama ule.

Siku ya Jumatatu mzee hakuwasha redio. Alikaa barazani na miwani yake, na majirani walipomsalimu shikamoo aliitikia marahaba bila kuuliza ni nani.

Nina tabia ya kuandika ninayoyaona, hata yasiyo na maana, kwenye daftari dogo la mfukoni. Jumanne wakati wa chakula cha mchana, ofisini, nililifungua kutafuta namba ya simu, nikakutana na mistari ya Jumapili: 1 kushoto, 2 kushoto, 3 ndani, 4 kushoto, 5 ndani, 6 kushoto sana. Nilikuwa nimeitafuna mihogo nusu. Nikaisoma tena.

Mtu asiyeona vizuri hukosea huku na huku: juu, chini, kulia, kushoto. Huyu alikosea upande mmoja tu. Na ile miwili iliyoingia, namba tatu na namba tano, ndiyo miwili mifupi. Namba tatu sikuigusa kabisa, na namba tano niliipunguza unene wa kucha. Namba sita, iliyokwenda mbali kuliko yote, ndiyo niliyoikata vidole vitatu. Jicho bovu halisomi namba za penseli. Niliisukuma mihogo kando.

Nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mzee anaona, na kwamba nilikuwa karibu kumwondoa nyumbani kwake kwa msumeno.

Niliomba ruhusa ya siku mbili. Nyumbani nilisema natumwa Mbamba Bay, jambo ambalo halikuwa uongo mzima kwa kuwa nilipitia huko. Jumatano asubuhi nilichukua podo wakati mzee akioga, nikalivingirisha kwenye gunia pamoja na bahasha. Gari liliteremka kutoka kwenye baridi yetu, kona baada ya kona, na kila kona nikavua kitu: kwanza koti, kisha sweta. Kutoka Mbamba Bay nilipanda bodaboda hadi Kihagara. Saa sita nilikuwa nimesimama mbele ya shangazi, jasho likinitiririka, gunia mkononi.

Alikuwa anageuza usipa kwenye kichanja. Ni mwanamke mwembamba, mrefu kuliko kaka yake, na mikono yake haitulii.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Kaka yangu amekufa?"

"Hapana, shangazi. Mzima."

"Basi kaa kivulini. Utaniambia nikimaliza hawa."

Alipomaliza alinawa, akaketi kwenye kigoda, nikafungua gunia. Hakuhitaji maelezo. Alichukua namba sita, akaushika ncha mbili, akaukunja kidogo kama mtu anayejaribu fimbo. Akauweka chini. Akachukua namba moja, akafanya vilevile.

"Nani amekata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa hailingani urefu."

Alinitazama toka kichwani hadi viatuni. "Mke wako mrefu kuliko wewe."

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona hujampunguza?"

Mwanamke jirani aliyekuwa akisuka ukili upande wa pili wa ua alicheka hadi akauangusha.

Kisha shangazi alinionyesha. Alisimamisha ufito kuwa upinde, akalaza mshale ubavuni mwake, upande wa kushoto, akausukuma polepole kwa kiganja. Mshale, alisema, hautoki katikati ya upinde. Upinde wenyewe unauzibia njia. Kwa hiyo unapoachiwa lazima ujikunje kidogo, uupite upinde kama samaki anavyopita mti majini, halafu ujinyooshe. Ukiwa mgumu haujikunji, upinde unausukuma kushoto. Ukiwa laini mno unajikunja kupita kiasi, unakwenda kulia. Matete hayakui sawa. Tete nene ni gumu, kwa hiyo huachwa refu ili lipate kulegea. Tete jembamba hukatwa fupi. Mishale sita ya kaka yake haikulingana kwa macho kwa sababu ililingana ikiwa hewani.

"Wewe umelinganisha ikiwa imelala," alisema.

Niliandika hilo. Akaona ninaandika.

"Andika, mkwe, andika. Kalamu haina ubaya. Ungeishia kwenye kalamu."

Nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu Jumanne: imekuwaje mzee, ambaye ameshika upinde tangu utotoni, asigundue kwamba mishale yake imeguswa? Shangazi alishangaa kwamba sijui. Nyumbani kwao, alisema, mpiga hachagui mshale wake. Baba yao ndiye aliyeweka mwiko huo. Mpiga akichagua mwenyewe ataupenda ule uliowahi kumpatia mnyama, hata kama siku ile ilikuwa bahati tu, na atauhurumia hata ukipinda. Kwa hiyo achague mwingine, asiyepiga, asiye na kumbukumbu nao. Kaka akapewa upinde, dada akapewa matete. Mzee hajawahi kukunja mshale kuupima maisha yake yote. Anapokea, anapiga. Ukienda vibaya, kosa ni lake, kwa sababu la dada yake haliwezi kuwa.

Hapo nilielewa ukimya wa mtu yule kwenye ndoo. Katika nyumba ile hapakuwa na mlango ambao wazo la mshale mbovu lingeweza kuingilia.

"Unaweza kutengeneza mingine kabla ya Jumapili?" nilimuuliza.

"Tete la kukata leo linakauka mwezi mzima." Aliigeuza namba sita mkononi. "Kama ningejua umekata kiasi gani kwenye kila mmoja, ningejaribu kuirudisha hii hii. Lakini vipande umeshatupa."

Nilitoa bahasha. Nikavipanga vipande vitano kwenye mkeka, kila kimoja na namba yake.

Shangazi aliviangalia, akaniangalia mimi, akamwita yule jirani. "Njoo umwone mkwe wetu. Ametunza takataka kwenye bahasha na kuziandika majina." Walicheka wote wawili, na safari hii nilicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Dawa ilitoka kwenye nyavu. Wavuvi wa pale huzamisha nyavu zao kwa madini ya risasi, vipande vizito na laini vinavyokatwa kwa kisu. Shangazi aliomba kwa mwanawe mkubwa vipande kadhaa, akavigonga kwa jiwe hadi vikawa vyembamba kama ganda la kitunguu. Kichwa kikiwa kizito, alisema, tete gumu hulazimika kujikunja linaposukumwa kutoka nyuma, kwa sababu mbele hakutaki kuondoka. Kwa hiyo uzito utafanya kazi ya urefu niliouiba. Kwenye kila mshale aliweka kipande nilichokata kando yake, akakikadiria kwa jicho, akavingirisha risasi nyuma ya kigumba: kipande kirefu, risasi nyingi, kipande kifupi, risasi kidogo. Kisha akaulaza mshale juu ya kidole kuona unaegemea wapi, akaongeza au akapunguza. Namba tatu hakuigusa. Namba tano aliitazama, akasema unene wa kucha tu si kitu.

Alinipa risasi ya akiba kwenye kipande cha nailoni.

"Mimi hapa nimekisia. Upinde wa kaka yangu naujua, lakini umezeeka kama yeye. Ajaribu. Ukienda kushoto, ongeza. Ukienda kulia, punguza. Utaweza hayo?"

"Nitaweza."

"Na umwambie mwenyewe ulichofanya. Mimi sipigi simu."

Nililala Mbamba Bay na kurudi Alhamisi. Njia nzima nilitunga maneno. Nilianza na historia ya kazi yangu, nikaiondoa. Nikaanza na pole, nikaiondoa. Nilipofika nilimkuta barazani, nikaketi kwenye ngazi chini yake, podo magotini, nikasema yote kwa mpangilio wa siku: Jumamosi nilikata, Jumapili ukakosa, Jumanne nikaona namba, Jumatano nikaenda kwa shangazi.

Kuku alipanda ngazi, akatutazama, akashuka.

"Kwa hiyo siyo jicho," mzee alisema.

"Siyo jicho, baba."

"Rudia ile ya namba."

Nilitoa daftari nikamsomea: moja kushoto, mbili kushoto, tatu ndani. Aliniomba daftari lenyewe. Alivua miwani, akalishika mbali, mkono umenyooka, akasoma mwenyewe hadi sita, kidole kikifuata mistari. Nilingoja karipio. Badala yake mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa ameshaanza kuuzoea. Akaomba maji ya kunywa, akanywa kikombe kizima bila kupumzika, akaomba cha pili.

"Mkwe," alisema baadaye, "mshale wa mtu haukatwi."

"Nimejua, baba."

"Ungekuwa kijana wangu wa kuzaa ningekupiga. Lakini mkwe hapigwi. Una bahati." Akawasha redio.

Mke wangu nilimwambia alipotoka kazini, mbele ya baba yake, kwa kuwa sikutaka kulisema mara mbili. Alinisikiliza akiwa bado na mkoba begani. Aliniuliza kama huko ofisini pia nakata mafaili yasiyolingana. Kisha akasema Jumapili iko palepale. Baba yake akasema hakuna aliyeomba ihamishwe.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko zote tulizowahi kukaa pamoja, yule mzee na mimi. Ijumaa nilipotoka kazini, na Jumamosi kutwa, tulikuwa nyuma ya nyumba. Jirani alitangulia kuhamisha nguo zake kambani. Mzee alipiga, mimi niliandika, nikakimbia kuchomoa mshale, nikafungua uzi, nikaongeza risasi nyembamba kama kucha au nikaipunguza. Yeye hakugusa risasi wala kuuliza nimefanya nini. Mwiko ulikuwa bado mwiko, ila kwa siku mbili nafasi ya dada yake nilikuwa nimeikalia mimi.

"Huu?" aliuliza.

"Ulikwenda kushoto kiganja kimoja. Nimeongeza."

"Usiniambie ulikokwenda. Nimeuona."

Ijumaa namba moja na namba nne zilitulia. Namba mbili ilitaka kupunguzwa mara tatu. Namba sita ilikaidi hadi Jumamosi jioni, ilipoingia mgombani mara mbili mfululizo, na hata hapo sikuiamini.

Jumapili tulipanda Mkumbi. Mimi si Mkatoliki, kwa hiyo wao walipokwenda misani nilibaki kwenye ua wa mzee kuandaa. Nilichagua mgomba uliokwisha kuzaa, nikapima hatua thelathini, nikarudia kupima kwa kuwa hatua zangu ni fupi kuliko zake, nikachora mstari kwa jembe. Mbele yangu mashamba ya ngoro yalishuka mteremko, shimo baada ya shimo, mahindi yamekauka yakingoja kuvunwa. Katika mashimo yale mojawapo ndilo lililomtegua bega. Nilijaribu kuwaza ni lipi, nikaacha.

Walirudi na majirani kadhaa waliosikia. Mke wangu alimpigia kaka yake Dodoma na kuishika simu mbele yake ili asikie. Mzee alibadilisha shati la misa, akavaa sweta, akasimama kwenye mstari. Alinyoosha mkono nyuma.

Nilimpa namba moja. Uliruka, ukapita kushoto kwa mgomba, upana wa vidole viwili tu, ukatoweka kwenye kahawa.

Simu iliuliza, "Imekuwaje?" Mke wangu akasema, "Bado." Huenda nilichokifunga jana kwa uzi kilikuwa kimelegea, au ni upepo, au mkono wake, au jicho. Kwa mara ya kwanza sikuwa na namba ya kunieleza. Mzee hakugeuka. Alitikisa vidole vya ule mkono wa nyuma, kama mtu anayedai chenji.

Nilimpa namba tatu, ule ambao hakuna aliyewahi kuugusa. Ulizama. Nikampa namba tano. Ulizama chini yake. Namba mbili uliingia pembeni, ukakaa umeinama, jirani mmoja akasema huo ni nusu, mwingine akamwambia mgomba hauna nusu. Namba nne uliingia juu kidogo, ukatetemeka.

"Minne," mke wangu alisema ndani ya simu. Sauti yake ilikatika katikati ya neno.

Mkononi nilibaki na namba sita. Nilimpelekea. Mzee hakuupokea. Alilegeza ugwe wa upinde, akaegemeza upinde ukutani.

"Piga na huo wa mwisho, baba, tuone," mke wangu alisema.

"Mlisema minne."

"Tunajua. Tuone tu."

"Huu ni wa ngedere," alisema, na sasa akauchukua mkononi mwangu, akautia kwenye podo bila kuuangalia. "Mahindi yangu yameliwa wiki sita na hakuna hata mmoja wenu aliyeona, ila anayepimwa macho ni mimi."

Tulikula kwake ugali na maharage. Mke wangu alimpangia dawa ya matone dirishani, akamwelekeza saa za kuitumia mara mbili, akaanza mara ya tatu, akajizuia. Alifagia chumba, akafungua madirisha yaliyofungwa wiki sita. Mzee alizunguka shambani peke yake, na sote tukajifanya tuna shughuli zinazotufanya tutazame upande ule. Alipita kati ya mashimo ya ngoro kwa hatua za kawaida, akasimama, akainama kung'oa kitu, akaendelea.

Saa kumi tuliondoka. Kwenye gari mke wangu alimpigia tena kaka yake, kwa kuwa mtandao ulikuwa umekatika wakati wa shangwe.

"Alipata mingapi jumla?" kaka aliuliza.

"Minne kati ya mitano. Wa sita alikataa kupiga."

"Alikataa? Kwa nini?"

"Anasema tulikubaliana minne."

Kaka alicheka muda mrefu. "Basi huyo mzima," alisema. "Mwacheni."

Mke wangu aliweka simu kwenye mkoba. Kabla hatujafika barabara kubwa alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo cha dirisha, mdomo wazi kidogo, na hakuamka hadi Mbinga, hata simu ilipolia mara moja na kunyamaza.